Maswali ya Wasomaji: Kimya Kinapotisha

SWALI: Nafundisha kwaya katika Kaunti ya Baringo. Tangu majangili walipotuvamia kwa bunduki, akina mama na vijana hukutana kila Jumamosi kuimba. Juzi niliongeza zoezi la utulivu: tukafumba macho, tukanyamaza dakika 10, kila mtu akifuata pumzi yake. Wawili wakatetemeka, mmoja akatoka mbio. Nimekosea wapi?
Mwalimu wa kwaya, Baringo

JIBU: Mwalimu, nia ni njema, ila umeanzia mwisho. Kwa aliyenusurika risasi, kimya si pumziko; ni kule kusubiri mlio unaofuata. Ukimfumbisha na macho, umemwondolea mlinzi pekee aliyebaki naye. Hata pumzi inaweza kumrudisha kwenye kifua kilichokuwa kikigonga usiku ule.

Wimbo utangulie. Watu wasizidi 15, viongozi wawe wawili. Pangeni viti duara, muache uwazi upande wa mlangoni. Mlango ubaki wazi na uzuiwe kwa jiwe, maana mlango wa bati ukibamizwa na upepo kazi yote imeharibika. Waambie mapema kwamba anayetaka kutoka atoke bila kuomba ruhusa.

Chagua wimbo wanaoujua wote, wa sauti ya chini, mwendo wa mtu asiye na haraka: mapigo 60 hadi 70 kwa dakika. Imbeni mara mbili, kisha acheni maneno, mvume tu huku midomo imefungwa. Vuteni pumzi kwa hesabu ya 4, mvume kwa hesabu ya 6, mizunguko sita. Pumzi ya kutoka ikirefuka, mapigo ya moyo hupungua kasi, na anayevuma huirefusha bila hata kuambiwa apumue. Atakayehisi kizunguzungu amevuta hewa nyingi mno. Aache kuhesabu, apumue kama kawaida.

Hapo ndipo mnyamaze, nusu dakika tu. Macho wazi yatazame sakafu, nyayo zikanyage chini, kila mtu atafute sauti tatu: kengele ya mbuzi, upepo, jirani akikohoa. Baada ya wiki tatu au nne, wakizoea, fikeni dakika 2. Zile 10 zisahau kwa sasa.

Mtu akiganda au akitetemeka, kiongozi wa pili amwendee kwa mbele, asitokee nyuma yake wala kumshika bila idhini. Amwite kwa jina, amtajie siku na mahali walipo, amwombe ataje vitu vitano anavyoviona. Wengine waendelee kuimba, wasimkodolee macho. Na msimdai mtu asimulie yaliyompata. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba waliotoka kwenye janga karibuni wasikalishwe kikao cha kulisimulia tukio. Akitaka mwenyewe kusema, asikilizwe.

Kuhusu ala, kayamba ni rafiki yenu. Ngoma ipigwe kwa viganja, ianze polepole. Fimbo na debe viacheni. Maputo yasikanyage ukumbini hata siku ya sherehe.

SWALI: Vijana wetu wanataka nyimbo za kusifu mashujaa waliorudisha mifugo. Wengine wanasema tutengeneze ala kwa bunduki zilizosalimishwa. Inafaa?
Mzee wa kijiji, Bonde la Kerio

JIBU: Mzee wetu, wimbo unaomtaja adui hupandisha mori, na mori ukishapanda hauulizi kitakachofuata. Lahani inaweza kubaki na maneno yakabadilishwa, wazee wakikubali, ila si wakati msiba bado mbichi.

Ala za bunduki zipo kweli. Mwaka 2003 mwanamuziki César López wa Colombia aligeuza bunduki kuwa gitaa, na mwaka 2012 msanii Pedro Reyes wa Meksiko alitengeneza ala kutokana na silaha 6,700 zilizonaswa na serikali. Zinapendeza jukwaani. Katika duara la waliofiwa hatuzipendekezi: mama atakayeona mtutu hatausikia wimbo. Tena silaha iliyosalimishwa ni mali ya serikali, msiiguse.

SWALI: Sisi ni Wakongo, tunaishi Chicago. Kila tarehe 4 Julai, siku ya uhuru wa Marekani, fataki zikilia, mwanangu wa miaka 9 anajificha chini ya kitanda.
Mama wa watoto watatu

JIBU: Pole, mama. Mwambie mchana kitakachotokea, saa ngapi, na kwamba ni fataki. Kabla hazijaanza funga madirisha, washa muziki mwororo usiokatika, mbembeleze kwa wimbo wa nyumbani, mkivuma pamoja. Usimvute chini ya kitanda. Lala sakafuni kando yake na uendelee kuvuma.

Ikiwa jinamizi na kushtuka vimezidi mwezi mmoja, au ameacha kucheza na wenzake, mpeleke kwa daktari, na uombe mkalimani wa Kiswahili; hospitali za huko zinapaswa kumtoa bila malipo. Akitaja kutaka kufa, usisubiri: piga 988, simu ya Marekani ya kuwasaidia wanaowaza kujiua, siku hiyohiyo.