Dera la rangi gani kwa mweusi mwenye nywele za hina?

Dadangu, umeuliza dera la rangi gani likufae harusini, nawe ni mweusi na nywele umezitia hina. Chukua kijani kilichokolea. Kijani na nyekundu ni rangi zinazokabiliana kwenye duara la rangi, kwa hiyo ule wekundu wa hina utajitokeza zaidi. Buluu iliyoiva pia nzuri. Hudhurungi inayokaribiana na ngozi yako iache, hufifisha uso. Na wanaosema mweusi asivae manjano usiwasikilize kabisa, yatakupendeza mno! Ukifika Mtaa wa Biashara, kwenye maduka ya nguo, usiamue chini ya taa za duka, hubadilisha rangi. Omba usogee na kitambaa mlangoni, kiweke chini ya kidevu, ujitazame kiooni kwa mwanga wa mchana. Ukiona uso kabla ya nguo, nunua.