Uchafu wenye harufu unarudi kila baada ya hedhi, natumia ARV

Pole dada. Umesema virusi vya UKIMWI vimeshuka hadi havionekani, ila uchafu mwepesi wa kijivu unanuka shombo, nawe unajisafisha ndani kwa ndimu. Acha hiyo ndimu leo! Inaua bakteria walinzi. Osha nje tu, kwa maji. Uchafu huo haufanani na wa fangasi, kwa hiyo usinunue tena vidonge vya fangasi dukani. Mwambie nesi wa CTC, kliniki unakochukulia ARV, akupime. Mara nyingi hutolewa metronidazoli, ile Flagyl, kwa siku 7. Maliza dozi hata harufu ikikata mapema, na ARV usiruke. Ukiwa mjamzito, au ukipata homa na maumivu chini ya kitovu, usingoje tarehe ya kliniki. Omba pia kipimo cha saratani ya mlango wa kizazi, wengi hatukumbushwi.