Jibu kwa aliyeuliza kuhusu wanaolala veranda za Birere

Ndugu, umeuliza kama wale wanaolala kwenye veranda za Birere, mtaa wa maduka hapa Goma, mashariki ya Kongo, waliugua akili kwanza wakaishia nje, ama ni kulala nje ndiko kuliwaharibu akili. Mimi nilikuwa mmoja wao zaidi ya mwaka, mbele ya depo ya mchele. Nitakujibu ya kwangu.

Kwangu vilifungamana, sioni kimoja kilipoishia kingine kikaanza. Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ilipolipuka nilikuwa na miaka 12. Lava ilipita mtaa wetu wa Mapendo, ikafunika nyumba yetu pamoja na mipaka ya parseli, yaani kiwanja. Baba alijenga tena juu ya jiwe la lava, kama wengi, ila jirani akadai mpaka ni wake. Kesi ilikula pesa, ikamla na baba mwenyewe. Baba wadogo wakauza parseli, mimi nikaingia kusukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo. Wakati huo wote sikuwa nimesikia sauti hata moja.

Sauti zilikuja 2019. Nyumbani walisema nimelogwa, nikapelekwa chumba cha maombi, nikafungwa kamba mguuni, siku 9 bila kula. Nilitoroka na kiatu kimoja. Siwalaumu sana, vidonge vina bei na maombi ni bure. Bure kwa maneno tu, maana mbuzi wa mama alikwenda na hakurudi.

Sasa usiku. Zamu, mlinzi wa depo, anataka uwe umeamka na kufagia kabla hakujapambazuka. Maibobo, watoto wa mtaani, wanapita wakinusa kole, ile gundi, wanakuvua viatu ukiwa katikati ya ndoto, ndiyo maana mimi nilivining'iniza shingoni kwa kamba zake. Mvua ikinyesha, kartoni ya maziwa ya unga inalegea inakuwa uji chini ya mbavu. Unasinzia kidogo, unashtuka. Lala hivyo wiki tatu, tuone kama hutaongea peke yako sokoni. Hata kanyanga, ile pombe kali, nilianza kuinywa hapo, nikitafuta usingizi.

Cha ajabu, nililala vizuri Mei 2021. Volkano ililipuka tarehe 22, ardhi ikawa inatetemeka siku kwa siku, na watu wenye nyumba zao wakatoa magodoro nje. Mtaa mzima ukawa veranda! Kulikuwa na akina mama, watoto, mtu anakohoa hapa, mwingine anasali pale, nani angeniibia? Tarehe 27 gavana akaamuru kartie 10, yaani mitaa, zihame, watu wakaondoka kuelekea Sake na Gisenyi ya Rwanda. Nikabaki na mbwa. Sauti zikarudi kwa nguvu usiku huohuo.

Mama mmoja muuza mandazi ndiye aliyenipakia kwenye pikipiki hadi Tulizo Letu, kile kituo cha wagonjwa wa akili cha mafurere, mabruda wa Kikatoliki. Muuguzi wa kwanza aliniuliza ugonjwa ulianza lini, nikamwelezea mambo ya redio iliyokuwa inanitaja. Wa pili aliuliza, "Jana ulilala wapi? Na kabla ya hapo?" Tukarudi nyuma hivyo, kitanda kwa kitanda: veranda, chumba cha maombi, kwa dada Katindo, chumba cha kupanga Majengo, mpaka kile kitanda cha Mapendo nilicholala na kaka zangu wawili. Aliandika vyote kwa mstari mmoja. Kabla ya hapo maisha yangu hayakuwa na mstari.

Kuhusu dawa, ninyi mnasema tunazitupa kwa ukaidi. Nilipewa haloperidoli, dawa ya kutuliza sauti, shingo ikakakamaa, mate yakawa yanatoka yenyewe, mpaka walipoongeza kidonge kingine cha kulegeza. Nyingine zinaleta usingizi mzito. Mtu wa veranda akilala usingizi mzito anaamka uchi, kwa hiyo anatema kidonge ili abaki macho. Kilichonisaidia ni sindano ya kila mwezi, pamoja na kibanda cha mbao nyuma ya jiko la yule mama, chenye mlango unaofungwa kwa ndani. Kati ya sindano na komeo sijui ningechagua nini.

Uliuliza pia umfanyie nini yule wa mbele ya duka lako. Mpe chai na mkate asubuhi, akishakuzoea muulize jana alilala wapi. Jina liache kwanza. Mimi yule mama nilimdanganya jina miezi minne, na mpaka leo ananiita kwa lile la uongo.