Jalada la mirathi halifungwi siku ya kuteua msimamizi

Ndugu hakimu unayeripoti kituoni kwa mara ya kwanza, nimesikiliza mirathi katika Mahakama za Mwanzo hapa Tanzania hadi kustaafu kwangu, na ningependa uanze kazi ukijua jambo nililochelewa kulielewa: kumteua msimamizi ndiyo sehemu nyepesi.

Kwanza hakikisha una mamlaka. Jedwali la Tano la Sheria ya Mahakama za Mahakimu, Sura ya 11, linakupa mirathi ya mtu aliyekuwa na makazi katika eneo lako na ambaye mali zake zinaongozwa na sheria ya mila au ya Kiislamu. Jina la marehemu halitoshi kukuonyesha hilo, uliza alivyoishi.

Muhtasari wa kikao cha ukoo usome kwa makini, kwa sababu sheria haiulazimishi ingawa karibu kila mwombaji huja nao. Nakumbuka mmoja uliokuwa na sahihi 11, zote kwa wino wa bluu, mkia wa herufi ya mwisho ukipinda kwa namna ileile katika kila jina. Tangazo lilikuwa limebandikwa, pingamizi halikuletwa, na mwombaji, kaka wa marehemu, alijibu maswali yangu kwa upole mkubwa. Nilipoagiza waliotajwa wafike mbele yangu mmoja mmoja, mjane alieleza kwamba siku ya kikao alikuwa bado yumo edani, na hakuna aliyebisha hodi kumuuliza lolote, ilhali alikuwa na watoto wa marehemu na thumuni yake, yaani fungu la moja ya nane la mjane mwenye watoto katika sheria ya Kiislamu, inajulikana.

Shauri jingine nililikosea mwenyewe. Baada ya kumteua msimamizi niligawa nyumba na shamba kwa mkono wangu, nikiamini nawaokolea watoto muda. Uamuzi ule ulitenguliwa kwenye rufaa, na kwa haki, kwa kuwa kukusanya mali, kulipa madeni na kugawa ni kazi ya msimamizi, nayo mahakama humhoji na kumwondoa anapokosa uaminifu. Familia ile ilianza upya, na bado inaniuma.

Kanuni za usimamizi wa mirathi katika Mahakama za Mwanzo, za mwaka 1971, zinamtaka msimamizi awasilishe orodha kamili ya mali na madeni katika Fomu Na. 5 ndani ya miezi 4, isipokuwa mahakama imemwongezea muda, kisha atoe hesabu katika Fomu Na. 6 kwa vipindi utakavyopanga. Hapa ndipo majalada mengi hulala, na nyumba huuzwa kimyakimya. Kwa hiyo siku unapomkabidhi barua ya usimamizi, andika katika mwenendo wa shauri tarehe ya kurudi, uisome kwa sauti warithi wote wakisikia, kwani mara nyingi aliye mdogo kuliko wote ndiye atakayekuja masjala kuuliza jalada la baba yake limefikia wapi.