Mama Beijing wa kwenye hadithi yako analalamika nini?

Ukianza kuandika hadithi, kuna mhusika atakujia bila kualikwa: mwanamke mtetezi wa haki za wanawake, kazi yake kufoka. Hana mume, au kamkimbia. Akifungua mdomo ni "wanaume wote mbwa". Mimi wangu nilimwita Mama Beijing, kwa ile kejeli ya mitaani iliyozaliwa na mkutano wa dunia wa wanawake uliofanyika Beijing mwaka 1995. (Katibu mkuu wa mkutano ule alikuwa Mtanzania mwenzetu, Gertrude Mongella. Nami nilikuwa nacheka bila kusoma hata ukurasa mmoja wa maazimio yake.)

Niliisoma hadithi hiyo kwenye kikundi chetu cha uandishi hapa Moshi. Watu wakacheka sana. Mama mmoja anayeuza ndizi Mbuyuni hakucheka. Akaniuliza, "Mwanangu, huyu analalamika nini hasa?" Nikapekua karatasi zangu. Kurasa tisa za kelele, lalamiko hakuna.

Huyo ndiye kikaragosi. Usimchanganye na mhusika bapa, yule mwenye sifa moja tu; bapa anaweza kuwa halali kabisa, kama konda anayepita mara moja kudai nauli. Kikaragosi kaundwa ashindwe. Mwandishi kamnyima hoja, kampa sauti kubwa, halafu sura ya mwisho anamwadhibu kwa upweke. Tena ana kazi ya pili, na hii huwanasa hata wenye nia njema: kawekwa pale ili shujaa wako wa kike aonekane mstaarabu, aseme "mimi si kama wale", kisha adai kilekile walichodai wale.

Nilipomwandika upya nilimtoa kwenye semina nikampeleka kijijini Kibosho, kwenye kikao cha ukoo. Kamuuguza mama yake miaka 12, kakata majani ya ng'ombe, kachuma kahawa. Mama kafariki, kaka kaja kutoka Dar na kuulizia mipaka ya kihamba, lile shamba la ukoo linalozunguka nyumba, kabla hata matanga hayajaisha. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki ya ardhi sawa na mwanamume. Mila inamtafuta mtoto wa kiume. Hapo dada hana haja ya kufoka, anauliza tu nani alikuwa akimgeuza mama kitandani usiku.

Kaka naye nilimpa hoja ya kweli: makaburi ya wazee yako humo mgombani, na watoto wa dada ni wa ukoo mwingine. Hoja hiyo ilinisumbua siku mbili, maana sikuweza kuicheka.

Wala usimfanye malaika. Wangu alificha pesa ya kahawa ya msimu mzima, na ulimi wake ni mchungu hata kwa wifi asiye na kosa.

Nikaisoma tena kikundini. Yule mama akasikiliza mpaka mwisho. "Huyu namjua," akasema. "Ila tangu asubuhi yuko kikaoni, hujampa hata chai?"