Tovuti ya chuo: kila ukurasa uwe na mwenyewe

Wakuu mnaosimamia tovuti za vyuo hapa Dar, dirisha la udahili likifunguliwa tu mnajua kinachofuata, mzazi anapiga simu toka Mbagala anauliza ada ipi ndo yenyewe, maana kwenye ukurasa wa udahili kaona hii, kwa idara kaona ile, na Google imempa PDF ya zamani ambayo hata nyie mlishaisahau.

Hiyo PDF ndo ugonjwa. Watu wanapandisha faili jipya kwa jina jipya, la zamani wanafuta linki kwenye menyu tu wanadhani wamemaliza, kumbe liko kwenye seva linadunda. Hata ukiomba liondolewe kwa Search Console (zana ya Google ya wenye tovuti), linafichwa kama miezi 6 tu halafu linaweza kurudi, kwahiyo lifute kwenye seva kwanza. Mi siku hizi naweka ada kama maandishi kwenye ukurasa mmoja wa udahili, anwani haibadiliki mwaka hadi mwaka, idara zote zinaweka linki na marufuku kukopi namba. Ile tabia ya kuskani barua yenye mhuri tuiache jamani, inakula bando la mtu na haitafutiki kirahisi.

La pili, nani anaapdeti? Idara nyingi zinamtupia mwalimu kijana kuliko wote, akienda kusoma anaondoka na paswedi. Kwa nilivyoona, mtu sahihi ni katibu muhtasi. Yeye ndo anajua nani kahama ofisi, nani yuko masomoni, ratiba ipi imebadilika jana jioni. Mpe akaunti yake mwenyewe yenye haki ya kurasa za idara yake tu, menyu kuu asiiguse, muwekee na msaidizi, na mkuu wa idara apitie orodha ya walimu kila muhula. Hapo kwenye walimu msipafanyie mzaha, nimeshakuta marehemu bado ana saa za kuonana na wanafunzi.

Mkihama mfumo, anwani za zamani zielekezwe kwenye mpya kwa 301 (yaani uelekezaji wa kudumu), msije mkaua linki zote zilizosambaa kwenye magrupu ya WhatsApp.

Na kile kisanduku cha Habari Mpya ambacho ya mwisho ni mahafali ya 2019, kiondoe. Idara ikija juu kulalamika, hapo hapo muiombe iwape habari.