Upinde wa Kwanza: Mgongo Hauguswi

Pinde nyingi za wanaoanza huvunjikia mahali pamoja: mgongoni. Mgongo wa upinde ni ule uso unaoelekea shabaha unapovuta. Tumbo ni uso unaokuelekea wewe. Ukivuta, nyuzi za mti zilizoko mgongoni zinanyooshwa, zile za tumboni zinabanwa. Uzi uliokatwa na panga au randa hauna pa kujishikiza, kwa hiyo hapo kibanzi kinainuka, na kibanzi kikishainuka upinde hauna siku nyingi. Kabla hujauliza mti gani au tupa gani, shika hili: mgongo unaachwa kama mti ulivyoumea. Kazi yote ya chuma ni ya tumboni na ubavuni.

Miongozo mingi ya Ulaya na Marekani inamwambia fundi afuate pete moja ya mwaka (duara la ukuaji linaloonekana mti ukikatwa) kutoka ncha hadi ncha. Kwetu Uganda hilo linawachanganya watu bure, kwa sababu hatuna majira ya baridi na miti yetu mingi haina pete zinazosomeka. Njia yetu ni nyepesi zaidi. Tafuta shina jembamba lililonyooka, la kipenyo cha sentimita 8 hadi 10, menya ganda, na ule uso laini uliokuwa chini ya ganda ndio mgongo wako. Hakuna uzi hata mmoja uliokatwa pale.

Mti gani? Mkole unatengenezewa pinde sehemu nyingi za Afrika Mashariki, na nchini mwetu unaota kwenye nyika. Mti wake unapinda bila kulalamika. Mforsadi ni mzuri sana ukiupata. Mpera na mlimau ni migumu na inavumilia, shida yake ni kupata kipande cha mita 1.8 kisicho na fundo wala kona. Anayeanza akiwa Buganda au Busoga namshauri atafute musambya, ule mti wa nguzo na mipini. Umepandwa mashambani, ukikatwa unachipua tena vijiti vilivyonyooka, na mwenye shamba atakuuzia kimoja bila shida. Si mzito sana, kwa hiyo upinde wake uufanye mpana kidogo. Musizi ni mwepesi mno, achana nao. Mkaratusi mchanga wa nguzo za ujenzi ni rahisi kununua, lakini una mvutano mwingi ndani yake na hupasuka nchani hata kabla haujakauka. Msitu wa hifadhi usiuguse. Kukata humo bila leseni ya mamlaka ya misitu ni kosa, na hakuna sababu ya kufanya hivyo wakati mashamba yamejaa vijiti.

Vipi mbao za Ndeeba, soko la mbao la Kampala? Inawezekana, ila uwe na jicho. Geuza ubao pande zote nne. Mistari ya nyuzi inatakiwa itoke ncha moja ifike ncha ya pili bila kutokea ubavuni. Ukiona michoro kama ndimi za moto usoni mwa ubao, ujue nyuzi zimekatwa na msumeno wa mashine. Ubao huo ni wa meza.

Shina ukishalikata, siku hiyohiyo paka ncha zote mbili rangi ya mafuta au gundi ya mbao. Maji hutoka nchani haraka kuliko ubavuni, na tofauti hiyo ndiyo inayopasua. Pasua shina katikati kwa kabari na shoka, usilazimishe. Mpasuko utakuonyesha kama mti umejisokota. Ukiona umezunguka kama kamba, tafuta mwingine. Menya ganda kwa kisu butu au kipande cha mwanzi ili usichubue mgongo, halafu upake mgongo nao vanishi, maana uso uliovuliwa ganda hupata nyufa ndogondogo ndani ya siku chache. Tumbo liache wazi, unyevu utokee huko.

Punguza unene hadi sentimita 4 hivi kipande kikiwa bado kibichi, kwa panga au tezo, kisha ukifunge kwa mipira ya baiskeli kwenye ubao mnene ulionyooka. Wiki tatu za kwanza kikae kivulini penye hewa. Baada ya hapo kipandishe juu chini ya mabati, pale penye joto la mchana. Usihesabu miezi, pima uzito. Mizani ya jikoni inatosha: andika gramu kila Jumapili, na uzito usiposhuka kwa wiki tatu mfululizo, kipo tayari. Kwa kipande kilichopunguzwa hivyo, miezi miwili au mitatu ya kiangazi huwa inatosha. Ukikata Machi mvua zinapoanza, utasubiri zaidi. Ukikata Desemba umejisaidia.

Vifaa si vingi: panga kali, shoka dogo, tupa ya mbao yenye meno makubwa, tupa laini, tupa ndogo ya mviringo, msasa wa namba 80 na 120, penseli, futi kamba, na kikwangulio. Kikwangulio hicho ni kipande cha msumeno wa zamani, urefu wa kiganja, ukingo wake umenyooshwa kwa tupa. Jiliwa ni raha, lakini kamba na benchi zito vinafanya kazi ileile.

Sasa vipimo. Kwa mtu anayevuta sentimita 70, upinde uwe na urefu wa sentimita 170. Chora mstari wa katikati mgongoni kwa uzi ulionyooshwa. Mshiko sentimita 10, upana 3, unene 4. Kutoka mshikoni upana unafunguka taratibu ndani ya urefu wa sentimita 5, na hapo hapo unene unashuka kwa mteremko mrefu, si kwa ngazi. Penye ngazi ndipo upinde unapokatikia. Mikono yote miwili ya upinde (sehemu zinazopinda, juu na chini ya mshiko) iwe na upana wa sentimita 5 (5.5 kwa musambya) hadi nusu ya urefu wake, kisha ipungue hadi sentimita 1.2 nchani. Unene wa kuanzia sentimita 1.5, sawa kote. Mgongo ukiwa na kilima kidogo au bonde, tumbo nalo lifuate kilima hicho na bonde hilo. Penye fundo dogo acha nyama zaidi kulizunguka.

Hadi hapo ni useremala. Upinde wenyewe unazaliwa kwenye kusawazisha mpindo, na humu ndimo haraka inapoua kazi.

Ugumu wa mti unafuata upana wake mara moja, lakini unene unauhesabu mara tatu, yaani unene × unene × unene. Ukiwa na milimita 10 na ukaondoa moja tu, umepoteza zaidi ya robo ya ugumu wa mahali hapo. Ndiyo maana tupa yenye meno inastaafu mapema, na kikwangulio kinachukua nafasi yake.

Anza kwa kusimamisha ncha sakafuni, mkono wako mmoja mshikoni, na kubonyeza polepole. Tazama mpindo. Mikono yote miwili ikianza kukubali, chonga mifuo ya upote (kamba ya upinde) sentimita 2 kutoka nchani, kwa tupa ya mviringo, kina cha milimita 3, ubavuni tu. Mfuo usivuke mgongo. Funga kamba ndefu iliyolegea, weka mshiko juu ya kigingi kilichopigiliwa ukutani, pitisha kamba ya kuvutia kwenye kapi chini, usimame mbali ili uone upinde mzima. Vuta sentimita chache, achia, vuta tena.

Jicho peke yake hudanganya. Chukua kijiti kilichonyooka sawasawa, urefu sentimita 15, toboa katikati, upenyeze penseli ncha ijitokeze kidogo tu. Upinde ukiwa umevutwa kidogo na mwenzako, telezesha kijiti hicho tumboni. Mahali palipopinda penseli haigusi. Mahali palipokaa bapa inaacha alama. Penye alama pakwangue mara kumi, mkono wa pili nao ukaguliwe, halafu vuta upinde mara 20 au 30 kabla ya kupima tena, kwa sababu mti unachelewa kuonyesha ulichokifanya. Ukifuta alama na kurudia, tena na tena, mpindo unafunguka kama ukingo wa sahani.

Ukiona mahali pamejikunja kuliko pengine, upinde umepiga goti. Usipaguse tena pale. Dawa ni kupunguza kulia na kushoto kwa goti hadi sehemu nyingine ziufikie mpindo ule. Utapoteza nguvu kilo mbili au tatu, lakini upinde utaishi. Ukiendelea kuvuta ukiwa na goti, tumboni itatokea mistari myembamba inayokata mkono kwa upana. Hiyo ni nyuzi iliyobanwa ikavunjika, nayo haina tiba.

Nguvu ya kulenga kwa upinde wa kwanza ni kilo 14 hadi 18. Tumia mizani ya ndoana kama ya wauza nyama, na uihakikishe kwa jerikeni: lita 10 za maji ni kilo 10, ongeza uzito wa jerikeni tupu. Kanuni ni moja: usiuvute upinde kupita kilo unazotaka mwishoni, hata kama umefika sentimita 40 tu. Ukishapinda vizuri, fupisha kamba hadi nafasi kati ya mshiko na upote iwe ngumi na dole gumba lililosimama, kama sentimita 15. Endelea kukwangua hadi sentimita 70. Mkono wa chini uache mgumu kidogo, pengo kati yake na upote liwe pungufu ya la juu kwa milimita 3 hadi 5.

Ukiufungua upote na upinde ukabaki umekunjika sentimita 2 au 3, ni kawaida. Ukibaki sentimita 6, ama mti ulikuwa na unyevu, ama mikono ni myembamba mno kwa nguvu hiyo.

Upote wenyewe usiusokote kwa nailoni. Inanyooka kama mpira. Nyuzi za poliesta za washona viti vya magari ndizo. Ning'iniza chupa kwa uzi mmoja na uongeze maji ndani yake hadi uzi ukatike, pima uzito wa chupa, kisha hesabu nyuzi za kutosha kubeba mara nne ya nguvu ya upinde. Sokota, paka nta ya nyuki hadi ishike vidole.

Malizia kwa msasa, kisha vanishi tabaka tatu nyembamba au mafuta ya kitani. Mafuta ya shea yanang'arisha, lakini hayakauki na hayazuii unyevu wa msimu wa mvua. Usiachie upote bila mshale hata mara moja, kwa sababu nguvu yote hurudi mikononi mwa upinde. Piga shabaha ya magunia yaliyojazwa nguo kuukuu, nyuma yake pawe na kichuguu au kingo ya udongo. Uwindaji bila kibali umekatazwa na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019, kwa hiyo upinde usiubebe kuelekea hifadhi. Ukimaliza, fungua upote na uulaze upinde juu ya vigingi viwili, mbali na jiko na mbali na ukuta unaotoa maji.